Samaki wa Dhahabu wa Mapambo Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya anayefuga kwenye tangi la kioo sebuleni. Wenye bwawa la nje watakuta mengi yanawahusu, ila vipimo vya maji na vya samaki hubadilika.

Samaki wa mapambo ana tofauti gani na samaki wa dhahabu wa kawaida?

Wote ni aina moja, Carassius auratus, waliotokana na samaki wa majibaridi wa China waliochaguliwa kwa rangi na umbo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wa kawaida, kama kometi, ana mwili mrefu na mkia mmoja. Ana kasi, hufika sentimita 30, na makao yake ni bwawa. Wa mapambo ana mwili mfupi wa mviringo na mkia uliogawanyika mara mbili.

Kuna ryukin mwenye nundu mgongoni, oranda mwenye kofia ya nyama kichwani, na ranchu asiye na pezi la mgongoni. Wapo pia wenye macho yaliyochomoza, wenye magamba yaliyotuna kama lulu, na wenye mifuko ya maji chini ya macho. Anayeanza achukue ryukin, oranda, au yule wa mkia wa feni (fantail) asiye na madoido mengi. Wenye mifuko chini ya macho waache kwanza: mfuko mmoja ukikwaruzwa na jiwe au ukifyonzwa na chujio, umepasuka.

Ule mwili mfupi ndio chanzo cha nusu ya maswali yaliyoko hapa chini. Utumbo, figo na kibofu cha hewa vimebanwa mahali padogo, kwa hiyo kosa ambalo kometi angelivumilia, oranda analilipia.

Mbona kwenye picha wanawekwa kwenye bakuli?

Kwa sababu bakuli linapendeza kwenye picha. Wachina wa enzi ya Ming walitumia vyombo vikubwa vya kauri, samaki wakitazamwa kutoka juu, na maji yakibadilishwa na watu wa kazi hiyo. Bakuli la lita 5 halina nafasi ya chujio, uso wake wa maji ni mdogo, na kinyesi cha siku mbili kinatosha kuyaharibu maji yote. Samaki humo hafi kwa uzee. Akitunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 15.

Na lile la kwamba samaki hukua kulingana na chombo chake? Kinachomdumaza ni uchafu wa maji. Ukimwona amedumaa, jua amekwisha kuumia.

Tangi liwe la ukubwa gani?

Lita 75 kwa samaki wa kwanza, na lita 40 kwa kila anayeongezeka. Wawili wakae kwenye lita 120 kwenda juu. Usifuge mmoja peke yake ikiwa nafasi ipo, ni samaki wa kundi.

Kupata lita, zidisha urefu kwa upana kwa kina, vyote kwa sentimita, kisha gawa kwa 1,000. Tangi la 90 × 45 × 40 ni lita 162, na likijazwa hadi chini kidogo ya ukingo unabaki na 145 hivi. Chagua refu na pana kuliko lenye kina kirefu: hewa huingia kupitia uso wa maji, na samaki hawa si waogeleaji hodari wa kupanda na kushuka. Kumbuka pia kwamba lita 150 ni kilo 150 kabla hujahesabu kioo na mawe. Meza ya televisheni haibebi mzigo huo.

Fundi wa vioo wa mtaani anaweza kunitengenezea?

Anaweza, na mara nyingi ndiyo njia ya bei nafuu. Mwambie mambo haya kabla hajakata kioo:

- Kwa kina cha hadi sentimita 40, kioo cha milimita 6 chenye mikanda ya kioo juu. Kwa sentimita 45, milimita 8.
- Silikoni iwe ile inayonuka siki inapokauka, isiyo na dawa ya kuzuia kuvu. Silikoni ya bafuni huwa na dawa hiyo, nayo huua samaki.
- Kingo zote zisuguliwe hadi zisikate mkono.

Likae wiki nzima, hadi harufu ya siki iishe kabisa. Kisha lijaze nje ya nyumba kwa siku mbili ukiwa umetandika magazeti makavu chini yake: tone likivuja utaliona. Unapoliweka mahali pake, tandika shiti ya povu ya sentimita 1 chini. Kipande cha mchanga kilichobaki kati ya kioo na ubao hutosha kupasua sakafu ya tangi.

Chujio gani linafaa?

Samaki hawa hawana tumbo kama letu, chakula hupita upesi na kutoka kingali na mengi ndani yake. Ndiyo maana chujio linaloandikwa “lita 150” kwenye boksi lake halitoshi tangi la lita 150 lenye oranda wawili. Tafuta linalosukuma kati ya mara 8 na 10 ya ujazo wa tangi kwa saa, yaani lita 1,200 hadi 1,500 kwa tangi la mfano wetu.

Lakini mkondo usiwasukume samaki. Elekeza mdomo wa pampu kwenye ukuta wa kioo, au toboa bomba la plastiki matundu mengi maji yatawanyike juu. Mdomo wa kuvuta uvalishe sponji.

Kilicho ndani ya chujio ndicho kinachofanya kazi: sponji nene, kisha vipete vya kauri au mawe mepesi ya volkano yaliyooshwa. Kaboni si ya lazima. Machujio mawili ya sponji yanayoendeshwa na pampu ya hewa ni rahisi, hayamezi samaki, na yanaongeza hewa. Moja likifa, la pili lipo.

Nilinunua samaki wazima, wakafa ndani ya wiki mbili. Kwa nini?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na jibu karibu siku zote ni amonia. Samaki huitoa kupitia matamvua na kinyesi. Katika tangi lililokomaa, bakteria wa kwenye chujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Tangi jipya halina bakteria hao. Maji yanaonekana masafi kama ya kunywa huku yakichoma matamvua.

Ukali wa amonia hutegemea pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji. Kwenye nyuzi 25, pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu yenye sumu huongezeka karibu mara kumi. Kwa hiyo jirani anaweza kukuapia kwamba samaki wake walivumilia, na asiwe mwongo.

Lea bakteria kabla ya kununua samaki:

1. Washa tangi na chujio, maji yakiwa yameondolewa klorini.
2. Weka chanzo cha amonia: amonia safi isiyo na sabuni wala manukato hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Ukiikosa, funga kamba mmoja mbichi kwenye kitambaa cha wavu umwache aoze humo. Kunanuka, lakini kunafaa.
3. Pima kila baada ya siku mbili au tatu kwa vipimo vya matone. Amonia itapanda, kisha nitriti itapanda, mwishowe nitrati itaanza kuonekana.
4. Ikiwa miligramu 2 za amonia zinaisha ndani ya saa 24 na nitriti ni sifuri, tangi liko tayari. Badilisha maji karibu yote, kisha leta samaki.

Hesabu wiki 4 hadi 6. Kipande cha sponji chafu kutoka kwa mfugaji mwenye samaki wazima hupunguza muda huo kwa kiasi kikubwa. Hakuna zawadi bora kuliko hiyo, hata ikionekana kama uchafu.

Samaki wameshaingia tayari? Pima kila siku. Amonia na nitriti zikijumlishwa zikafika 0.5, badilisha nusu ya maji siku hiyo hiyo. Lisha mara moja tu kwa siku, kidogo. Weka chumvi gramu 1 kwa lita: kloridi yake huzuia nitriti isiingie kwenye damu kupitia matamvua.

Maji ya bomba, ya kisima au ya mvua?

Ya bomba yanafaa ukiondoa klorini. Klorini ya kawaida hutoka yenyewe maji yakikaa saa 24 kwenye chombo kipana kilicho wazi, na haraka zaidi ukiweka jiwe la hewa. Kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, haitoki kwa kungoja, hivyo inahitaji dawa. Dawa nyingi za dukani zina thiosalfeti ya sodiamu, ambayo pia huuzwa kama chembe nyeupe kwenye maduka ya kemikali: gramu 1 kwa lita 100 inatosha kwa maji ya bomba yenye klorini ya kawaida. Kumbuka kwamba kloramini ikivunjwa huacha amonia kidogo nyuma yake, kazi inayomaliziwa na chujio lililokomaa.

Ya kisima yasimwagwe moja kwa moja. Huwa na hewa haba na kaboni dayoksaidi nyingi, basi yapulizie hewa usiku kucha. Katika miji ya pwani visima vingi vina chumvi. Ukiyaonja ukahisi chumvi waziwazi, yachanganye na ya bomba au ya mvua.

Ya mvua ni laini mno. Yakitumika peke yake hayana kinachoshikilia pH, na siku moja pH huporomoka ghafla, bakteria wanalala, samaki wanajikunyata chini. Kwa lita 100, gramu 6 za baikaboneti ya sodiamu, kama kijiko kimoja cha chai, hupandisha ugumu wa kaboneti, yaani kile kinachoshikilia pH, kwa nyuzi 2 hivi za kipimo hicho. Si hamira ya unga, na si magadi ya mawe, ambayo ni makali kupita kiasi. Njia ya polepole ni mfuko mdogo wa makombe ya chaza yaliyopondwa ndani ya chujio. Samaki hawa wanapenda pH ya 7 hadi 8 na kitu, na ikiwa imetulia kwenye 8 usihangaike kuishusha.

Nibadilishe maji mara ngapi, na kiasi gani?

Kila wiki, asilimia 40 hadi 50. Tumia mpira kuyavuta kutoka chini kwenye kinyesi. Maji mapya yasitofautiane na ya zamani kwa zaidi ya nyuzi 2. Nitrati ndiyo itakayokuambia kama ratiba yako inatosha: ikisoma zaidi ya 40 kabla ya siku ya kubadilisha, ongeza maji unayotoa au punguza samaki.

Sponji za chujio ziminye ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Ukizisuuza bombani, klorini inaua bakteria uliowalea wiki sita, na unarudi kwenye swali la wiki mbili.

Tunaishi pwani, nyumba ni nyuzi 30. Wataishi?

Wanapenda nyuzi 18 hadi 24. Arusha, Nairobi au Mbeya hilo linakuja lenyewe bila hita. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar ni vita ya hewa: maji ya nyuzi 20 hubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 kama 7.5, na wakati huohuo joto linamfanya samaki ahitaji zaidi. Usiku, tangi likiwa na mimea mingi, upungufu huo huzidi.

Wanaishi, ila kwa masharti. Punguza idadi hadi nusu ya ile ambayo tangi lingebeba mahali pa baridi. Endesha pampu ya hewa usiku na mchana. Weka tangi mbali na dirisha linalopigwa na jua la alasiri. Ondoa kifuniko cha kioo, weka wavu, na elekeza feni ndogo kwenye uso wa maji. Maji yanapogeuka mvuke hupoa nyuzi 2 hadi 4, pungufu siku za unyevu mwingi. Utalazimika kujazia kila siku.

Chupa ya barafu tuiache. Hushusha joto kwa muda mfupi, kisha joto linarudi, na kupanda na kushuka huko ni kubaya kuliko nyuzi 29 zilizotulia.

Umeme ukikatika?

Saa moja au mbili si tatizo kwa tangi lisilojazana. Baada ya hapo chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka kimo cha sentimita 20, mara 20 hivi kila baada ya nusu saa, au tumia pampu ndogo ya hewa inayokubali chaja ya simu ya akiba. Pampu hiyo ndiyo tunayomshauri kila mtu aanze nayo, kabla hata ya taa. Usilishe hadi umeme urudi.

Chujio la ndoo lililofungwa, likikaa saa kadhaa bila mkondo, maji yake huoza ndani. Lifungue uyamwage kabla ya kuliwasha, yasiingie tangini.

Wale nini, na kiasi gani?

Punje zinazozama, zenye protini asilimia 30 hadi 40. Zinazoelea huwafanya wameze hewa. Loweka dakika chache kwenye maji ya tangi ili zisivimbe tumboni. Kila mlo, kwa kila samaki, uwe kama ukubwa wa jicho lake, mara mbili au tatu kwa siku. Siku moja kwa wiki wasile.

Mara mbili au tatu kwa wiki wape mboga: njegere iliyochemshwa na kumenywa, mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto, au kipande cha tango. Azola, ambayo wafugaji wa kuku wanaifahamu, huelea na kuliwa siku nzima. Viluwiluwi vya mbu ni chakula kitamu kwao, mradi usiache ndoo ya kuvizalisha ikageuka kiwanda cha malaria. Mkate na wali hapana.

Usiamini wakija kukuomba. Huomba hata wakiwa wameshiba.

Anaelea tumbo juu, au anashindwa kupanda. Anakufa?

Si lazima. Kabla ya dawa yoyote, pima amonia na nitriti, maana maji mabaya huleta dalili hizohizo. Yakiwa safi, endelea hivi:

Usimlishe kwa saa 48. Kisha siku mbili au tatu mpe njegere tu, iliyomenywa na kupondwa. Shusha kina cha maji hadi sentimita 20 asihangaike, na kama mgongo wake unatoka nje ya maji ulinde usikauke kwa kutia kivuli na mkondo mdogo wa maji juu yake. Akinyooka, tatizo lilikuwa chakula: badilisha punje, punguza kiasi.

Akiwa anaelea saa mbili tatu kila baada ya mlo kisha anarudi sawa, huyo hana ugonjwa, ana umbo lake. Ryukin na wa magamba ya lulu ndio wahanga wakubwa. Lakini magamba yakisimama kama koni ya msonobari na mwili ukavimba, figo zimeshindwa, na wanaopona ni wachache.

Ana vidoa vyeupe. Ni ugonjwa?

Angalia viko wapi. Vikiwa kwenye vifuniko vya matamvua na ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani tu, vimepangika, huyo ni dume aliyekomaa. Watu wengi wametia dawa tangi zima kwa sababu ya dume mwenye afya.

Vikisambaa mwilini na mkiani kama chembe za chumvi, naye akijisugua kwenye mawe, ni kimelea Ichthyophthirius. Kikiwa chini ya ngozi dawa haikifikii. Huuawa kinapoogelea kutafuta samaki mwingine, ndiyo maana tiba ya siku mbili haisaidii. Pandisha chumvi hadi gramu 3 kwa lita, gramu 1 kila baada ya saa 12, ukiyeyusha kwanza kwenye kikombe. Chumvi ya mawe ya pwani inafaa. Endelea siku 10 hadi 14, na unapobadilisha maji rudisha chumvi ya maji uliyotoa tu. Toa mimea kwanza, itakufa.

Kuna uzi umening'inia ubavuni mwake.

Ni minyoo nanga, Lernaea, na huja na samaki waliolelewa kwenye mabwawa. Mshike kwa kitambaa chenye maji, kamata uzi kwa kibano karibu kabisa na ngozi, uvute kuelekea mkiani, na pake jeraha dawa ya iodini bila kugusa matamvua. Waliobaki majini ni wadogo hata huwaoni, hivyo tangi nalo linahitaji dawa ya vimelea. Ndiyo sababu samaki mpya akae wiki 3 hadi 4 kwenye beseni lake, na chujio lake la sponji, kabla ya kuwaona wenzake.

Mweusi wangu anageuka rangi ya chungwa.

Kawaida, hasa mahali pa joto. Hakuna cha kufanya. Wa chungwa akipata madoa meusi ghafla, ni kinyume: mara nyingi ni ngozi inayopona baada ya kuchomwa na amonia, basi pima maji.

Changarawe, mchanga, mimea?

Changarawe ya ukubwa wa njegere ndiyo mbaya kuliko zote, hukwama mdomoni. Ama acha kioo kitupu, ama weka mchanga laini wa mto uliooshwa hadi maji yatoke meupe, ama mawe makubwa kuliko kichwa cha samaki. Mimea migumu kama anubia, iliyofungwa kwenye jiwe kwa uzi, huachwa. Mingine ni saladi. Gugu maji la Ziwa Victoria usilibebe wala kulisambaza.

Naweza kumchanganya na samaki wengine?

Na wa mapambo wenzake wenye kasi sawa. Kometi atawamalizia chakula. Yule anayesafisha kioo kwa kunyonya hunyonya pia ute wa mwili wa oranda usiku na kuacha vidonda.

Kofia ya oranda imefunika macho.

Inaendelea kukua maisha yote. Akishindwa kuona chakula, kiangushe mahali pamoja kila siku, ataelekea kwa harufu. Kukata ni kazi ya daktari wa mifugo anayejua samaki, kwa dawa ya usingizi.

Nasafiri siku kumi.

Samaki aliyekomaa mwenye afya huvumilia wiki bila chakula. Kwa siku kumi, funga milo mitatu midogo kwenye karatasi, andika siku, na ufiche kopo. Jirani mkarimu ameua samaki wengi kuliko njaa.

Nimechoka nao. Niwaachie mtoni?

Hapana. Hula mayai ya samaki wengine, hufukua matope na kung'oa mimea, na hubeba vimelea ulivyoviona hapo juu. Mpe mfugaji mwingine au warudishe dukani, wengi hupokea bure. Ukiwapeleka, mpe mwenyeji mpya na sponji ya chujio ikiwa ingali mbichi ndani ya mfuko wa maji.